Kijineno Kidogo, Maana Nyingine: Barua Zenu Kuhusu Vitenzi vya Kiingereza

Katika toleo lililopita niligusia kidogo vile vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na kijineno nyuma yake, ambavyo wenyewe huviita phrasal verbs. Sikutarajia barua nyingi hivi. Zimetoka Arua, Nsambya, Tororo, Malaba, Entebbe, Kasese, hata makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na karibu zote zina kilio kimoja: msomaji anajua look, anajua after, lakini maneno hayo yakikaa pamoja hayamwambii kitu. Nafundisha Kiingereza kwa watu wazima jioni hapa Kampala, wengi wao wamekua wakizungumza Kiswahili, na nimeona jinsi mtu mwenye akili timamu na mikono yenye ufundi anavyoweza kukosa mteja kwa sababu ya up au off. Jambo hili linaniuma. Kwa hiyo safu yote ya leo ni yenu.

*Mwalimu, habari za kazi. Mwanangu wa kiume yuko kwenye mafunzo ya polisi Kabalye, Masindi. Alituma ujumbe kwenye simu yangu, akijua dada yake ndiye hunisomea: "Tell Mum to come, we are passing out on Friday." Siku hiyo binti hakuwepo, nikampa jirani anayefanya kazi zahanati. Akaniambia pass out ni kuzimia. Nililia usiku kucha nikidhani wanawatesa watoto. Asubuhi mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, akasema hapana, ni sherehe. Nani alisema kweli? – Mama wa askari, Arua*

Mama, pole sana kwa usiku ule, na hongera kwa kijana. Wote wawili walisema kweli. Kule zahanati wakisema "She passed out", mgonjwa amezimia. Lakini kwa kuruta wa polisi au wa jeshi, to pass out ni kuhitimu mafunzo na kupita kwa gwaride mbele ya wakubwa. Maana hii inatoka kwenye jeshi la Waingereza, ndiyo maana utaikuta pia Kenya na India. Magazeti yetu ya Uganda yameisogeza mbele zaidi: huandika kwamba mkuu fulani "passed out" kuruta kadhaa, kana kwamba yeye ndiye aliyewapitisha. Uingereza hawasemi hivyo, kwao kuruta ndiye anayepita mwenyewe. Hapa kwetu imezoeleka na kila mtu anaelewa.

Jirani yako alijua maana moja akaishia hapo. Maneno yaliyokuwa kandokando yangemsaidia. We, yaani kundi zima. On Friday, yaani siku iliyopangwa. Na juu ya hayo, mama anaitwa aje. Kuzimia hakupangiwi siku wala hakualikiwi wazazi. Kitenzi cha namna hii usikitoe peke yake ukakiuliza maana. Kisome pamoja na sentensi iliyokizaa.

Maneno ya jamii hiyo utakayoyasikia ni haya. Pass away ni kufariki, neno la adabu linaloonekana kwenye matangazo ya vifo. Pass on huweza kuwa kufariki pia, lakini mara nyingi ni kufikisha kitu kwa mwingine, kama "Pass on my greetings to your mother". Pass by ni kupita mahali. Na mwalimu darasani akisema "Pass out the papers", anataka karatasi zigawiwe. Ukikutana na pass away, hapo ndipo pa kushtuka.

*Mwalimu, mimi ni mama wa Bukavu, nashona nguo hapa Nsambya. Zamani wateja wangu walikuwa wenzangu Wakongomani, tukielewana kwa Kiswahili. Sasa nina watu wa ofisini, wananiletea nguo halafu wananiandikia kwa Kiingereza. Mmoja aliandika "take it in at the waist", mwingine "let it out a bit", mwingine "take it up two inches". Mimi najua take ni kuchukua. Nichukue nini? Nifundishe Kiingereza cha cherehani. – Fundi, Nsambya*

Mama fundi, barua yako nimeipenda kuliko zote, na nitakaa nayo. Cherehani ni mahali pazuri sana pa kujifunzia jambo hili, kwa sababu unaona kwa macho kile ambacho kijineno kinafanya.

Shika maneno mawili tu kwanza: take na let. Mteja akisema take, anataka upunguze nguo. Akisema let, anataka uiachie nguo iongezeke. Sasa ongeza vijineno vinne. In na out vinahusu upana. Up na down vinahusu urefu. Basi take in ni kubana nguo, kupunguza upana wake. Let out ni kufumua mshono na kuachia kile kitambaa kilichobaki ndani ili nguo ipanuke. Take up ni kupandisha upindo nguo iwe fupi. Let down ni kushusha upindo nguo iwe ndefu. Umeona? Kazi nne, na hakuna hata moja inayohusu kuchukua kitu. Watu husema vijineno vya Kiingereza vimetupwa tu ovyo. Si kweli. In huelekea ndani, mwilini. Out huelekea nje. Na upindo kweli unapanda au unashuka.

Kwa hiyo yule mteja wako wa "take it in at the waist" anataka kiuno kibanwe. Wa "take it up two inches" anataka upindo upande inchi mbili. Na wa "let it out a bit" pengine amenenepa kidogo, lakini hilo usimwambie.

Yapo na mengine utakayoyahitaji kila siku. Try on ni kuvaa nguo kuona kama inakaa vizuri: "Come and try it on." Usisahau on, "try it" peke yake ni kujaribu jambo au kuonja chakula. Do up ni kufunga vifungo au zipu, na mteja anaweza kulalamika "The zip won't do up", yaani zipu haifungi. Sew on ni kushonea kitu juu ya kingine, hasa kifungo. Sew up ni kuziba palipochanika. Cut out ni kukata kitambaa kwa umbo la nguo kabla ya kushona. Worn out husemwa kwa nguo iliyochakaa, na kwa mtu aliyechoka vilevile. Mteja akisema "I will put down twenty thousand", anatanguliza shilingi 20,000 na nyingine atazilipa baadaye. Hapo usitafute mahali pa kuweka chochote chini. Drop off ni kuleta nguo na kuiacha kwako, pick up ni kuja kuichukua.

Sasa kuna moja linaloweza kukuponza. Let down kwa upindo ni kurefusha. Let down kwa mtu ni kumwangusha, kumvunja moyo baada ya kumwahidi. Mteja anayeshonesha gomesi, lile vazi rasmi la wanawake, kwa ajili ya kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, akikuandikia "Please don't let me down", hazungumzii upindo hata kidogo. Anakuomba nguo iwe tayari siku uliyoahidi. Kinachotofautisha ni neno la katikati: let it down, let the hem down, hapo ni nguo, let me down, hapo ni mtu na ahadi.

Andika majibu haya kwenye simu yako, uyatumie yanapohitajika. "I have taken it in. Please come and try it on." Nguo imebanwa, njoo uijaribu. "I can't let it out any more. There is no cloth left in the seam." Siwezi kuipanua zaidi, hakuna kitambaa kilichobaki ndani ya mshono. "You can pick it up on Saturday." Njoo uichukue Jumamosi. Sentensi ya pili itakuokoa na ugomvi mwingi, maana mteja huwa anadhani fundi ni mvivu wakati kitambaa chenyewe hakipo.

*Shikamoo mwalimu. Niko Senior Four, Tororo. Niliandika "The meeting was on Monday but they put off it" mwalimu wetu akaweka alama ya kukosa, akasema "put it off". Halafu nikaandika "I look him after", akaweka tena alama ya kukosa, akasema "look after him". Mara katikati, mara mwishoni. Kanuni ni ipi? – Mtahiniwa, Tororo*

Marahaba mwanangu. Mwalimu wako amesahihisha sawasawa mara zote mbili, na nafurahi umeuliza kabla ya mtihani wa taifa wa UNEB badala ya baada yake.

Vitenzi hivi vina makundi. Kundi la kwanza linaweza kupasuliwa. Put off, yaani kuahirisha, liko humo. Kama kinachoahirishwa kimetajwa kwa jina lake, una uhuru: "They put off the meeting" au "They put the meeting off", zote ni sahihi. Lakini ukitumia neno fupi la kuwakilisha, yaani it, him, her, them, me, us, you, uhuru umekwisha. Lazima likae katikati: "They put it off." Na kama jina ni refu, kwa mfano mkutano uliopangwa kufanyika Jumatatu ofisini kwa mkuu wa shule, liache lije mwishoni, vinginevyo msikilizaji atasahau off ilikuwa inakuja.

Jambo hili lisikutishe, kwa sababu Kiswahili chako kinalifanya kila siku. Unasema "wameahirisha mkutano", lakini mkutano ukishajulikana unasema "wameuahirisha". Hiyo u umeiweka wapi? Katikati ya kitenzi. Hujawahi kusema "wameahirisha u". Sikio lako linajua tayari kwamba kiwakilishi kifupi huingia ndani. Put it off ni wameuahirisha. Turn it down ni umelikataa, ukimaanisha ombi, au umeipunguza, ukimaanisha sauti ya redio. Fill it in ni umeijaza, yaani fomu.

Kundi la pili halipasuliwi. Look after, kutunza. Look for, kutafuta. Look into, kuchunguza. Run into, kukutana na mtu bila kutarajia. Hapo kitu au mtu hukaa mwishoni siku zote, awe ametajwa kwa jina au kwa kiwakilishi: "I look after my grandmother", "I look after her."

Halafu kuna ya maneno matatu, nayo pia hayapasuliwi: put up with, kuvumilia, run out of, kuishiwa, get on with, kupatana na mtu, look forward to, kungoja kwa hamu. Hilo la mwisho watahiniwa wengi huliharibu kwenye barua rasmi. Huandikwa "I look forward to hearing from you", na hilo hearing lisikatwe ing yake. To ya hapo ni sehemu ya kitenzi, si ile to inayotangulia go na come.

Utajuaje kitenzi kiko kundi gani? Kwa sura hutajua. Off ya put off na after ya look after haziandikwi kwa rangi tofauti. Dawa ni kuandika kitenzi kwenye daftari pamoja na nafasi ya kitu chake. Usiandike "put off = kuahirisha". Andika "put it off = kuliahirisha". Usiandike "look after". Andika "look after him = kumtunza". Kamusi nzuri za wanafunzi hufanya vivyo hivyo: zinaandika put something off, lakini look after somebody. Pale lilipo neno something au somebody ndipo kitu chako kitakapokaa. Wanafunzi wengi huona neno hilo na kuliruka, kumbe ndilo jibu la swali lako.

*Mwalimu, naendesha lori Mombasa hadi Kampala. Fill in, fill out, fill up: tofauti ni nini? Na trafiki akisema "pull over" anataka nini? – Dereva, Malaba*

Dereva, fomu ya forodha unaweza ku-fill in au ku-fill out, maana ni moja, usipoteze muda hapo. Waingereza hupenda zaidi in, Wamarekani out. Ila nafasi moja ndani ya fomu, kama jina au namba ya gari, huwa ni fill in tu. Fill up ni kujaza tangi hadi juu.

Pull over: toka barabarani, simama pembeni. Pull in ni kuingia mahali, kama kituo cha mafuta au mizani. Pull out ni kuingia barabarani kutoka pembeni, na hapo ndipo ajali nyingi za usiku hutokea, kwa hiyo ukimwambia tanboi wako "Don't let me pull out yet", hakikisha anaelewa. Break down ni kuharibikiwa na gari. Ukichelewa mpakani, mwandikie tajiri "I am held up at Malaba because of the queue". Malizia na sababu, maana kuna hold-up nyingine ambayo ni uporaji wa silaha.

*Mwalimu, nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Meneja mpya ametoka nje ya nchi. Nilimwandikia mgeni "The driver will pick you at the airport", akaniambia si Kiingereza. Nikasema "Let me off the light", akacheka. Nikasema nitajitahidi "to cope up with the work", akatikisa kichwa. Je, Kiingereza chetu cha Uganda ni kibovu? – Mpokeaji wageni, Entebbe*

Dada, Kiingereza chetu si kibovu. Kampala nzima inasema "I'll pick you at the stage" na hakuna anayepotea. Meneja asiyekijua Kiingereza cha watu anaofanya kazi nao anapaswa kukisikiliza kwanza kabla ya kucheka, na hilo nalisema bila kusita. Lakini wewe kazi yako ni wageni, na mgeni aliyeshuka kwenye ndege usiku anahitaji kuelewa mara moja. Kwa hiyo jifunze namna zote mbili, na ujue lini utumie ipi.

Pick peke yake, kwa mgeni, ni kuchagua, au kuchuma embe mtini. "The driver will pick you" inaweza kumfanya ajiulize anachaguliwa kwa ajili gani. Mwandikie "The driver will pick you up at the airport". Vivyo hivyo wakati wa kumrudisha: sisi husema "I'll drop you", na hiyo wanaielewa, lakini kwenye ujumbe wa kazi "drop you off" ni safi zaidi.

Off na on tumevifanya vitenzi kamili hapa kwetu: off the light, on the TV. Kiingereza cha vitabu kinataka kitenzi mbele yake: turn off, switch off, turn on, switch on. Hapo sisi tumekata kitenzi tukabaki na kijineno, kwenye pick tumekata kijineno tukabaki na kitenzi, na kwenye cope tumeongeza up ambayo haikuwepo. Cope with, basi. "I can cope with the work." Hilo la cope up limesambaa Afrika Mashariki yote, na nakuomba uliache kwenye barua za kazi, kwa sababu wasahihishaji na waajiri hulitafuta. Mapokezi utahitaji pia check in, kujiandikisha unapofika, check out, kukabidhi chumba, na put somebody through, kumuunganisha mtu kwenye simu: "I'll put you through to the manager."

*Mwalimu, ninaandika kumbukumbu za mikutano ya chama chetu cha akiba na mikopo. Mwenyekiti anafuta kila "put off" na "look into" anaandika "postpone" na "investigate". Anasema hivi vya kwangu ni Kiingereza cha mtaani. – Katibu, Kasese*

Katibu, mwenyekiti ana hoja lakini ameivuta mno. Baada ya Wanormani, waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuitwaa Uingereza mwaka 1066, mambo ya mahakama na utawala yalikwenda kwa Kifaransa na Kilatini kwa muda mrefu. Watu wa kawaida waliendelea na maneno yao mafupi, put, look, na take ambalo lilitoka kwa walowezi wa Skandinavia. Matokeo yake Kiingereza kina seti mbili: fupi la nyumbani na refu la ofisini. Put off na postpone, look into na investigate, put up with na tolerate. Kwenye kumbukumbu za mkutano refu linakaa vizuri. Kwenye mazungumzo, mtu anayesema "I cannot tolerate this noise" kila siku anasikika kama hakimu.

Lakini si kila kitenzi chenye kijineno ni cha mtaani. Carry out, kutekeleza, set up, kuanzisha, na take over, kushika usimamizi, ziko kwenye ripoti za serikali na za mabenki. Kampuni ya Umeme ilipomaliza mkataba wake mwaka 2025 na UEDCL, kampuni ya serikali, ikashika usambazaji wa umeme nchini, neno la kawaida kabisa kwa tukio hilo ni took over. Mwenyekiti akilifuta hilo, jitetee. Angalia tu tahajia: kitenzi huandikwa kwa maneno mawili, to take over, na nomino kwa neno moja, a takeover. Ndivyo ilivyo pia kwa set up na setup, log in na login, break down na breakdown.

*Mwalimu, nimenunua kitabu chenye orodha ndefu ya phrasal verbs kwa alfabeti. Nimekariri herufi A hadi C. Nikifika C nimesahau A. Nifanyeje? – Kijana, Nakivale*

Mwanangu, ugumu huu ni wa kila mgeni wa lugha hiyo na si wa kichwa chako. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika kwenye dibaji kwamba vitenzi vinavyobadilishwa na vijineno ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko zote. Mwingereza mwenyewe alikiri.

Na sisi pia tunawatesa wageni. Mfikirie Mwingereza anayejifunza kata. Kata nyama amelielewa. Kisha anakutana na kata tamaa, kata rufaa, kata shauri, kata kiu. Hakuna kisu hata kimoja humo. Akihamia piga ndiyo kabisa: piga simu, piga pasi, piga picha, piga magoti. Wewe hukuwahi kuyakariri kwa alfabeti. Uliyasikia mahali panapohusika, pasi ikiwa mkononi mwa mama, simu ikiwa sikioni mwa baba. Na ulipotoka funga kwenda fungua hukuona ajabu kwamba mkia mdogo umegeuza kazi yote. Give up ndiyo kata tamaa yako. Ukimwambia mtu "Don't give up", umemwambia asikate tamaa, na hakuna kinachotolewa wala kinachopanda.

Sasa habari itakayokupunguzia mzigo. Watafiti Dee Gardner na Mark Davies walichapisha mwaka 2007 hesabu ya vitenzi hivi katika mkusanyo mkubwa wa Kiingereza cha Uingereza, wa maneno milioni 100. Waligundua kwamba vitenzi 20 tu vya kawaida, vikiunganishwa na vijineno 8, vinatosha kufikia zaidi ya nusu ya matumizi yote. Vijineno vyenyewe ni out, up, on, back, down, in, off na over. Miongoni mwa vitenzi hivyo wamo go, come, take, get, set, carry, turn, bring, look, put na pick. Kinachotumika zaidi ya vyote ni go on, kuendelea au kutokea: "What is going on?"

Kwa hiyo acha alfabeti. Chukua kitenzi kimoja, kwa mfano turn, ukae nacho wiki nzima. Turn on the tap. Turn off the radio. Turn down the volume. She turned down the offer. He turned up late, yaani alifika amechelewa. Turn back before it gets dark, yaani rudi kabla giza halijaingia. Kila sentensi iandike upya kwa mambo yako mwenyewe ya Nakivale: bomba lenu la maji, redio ya jirani, mgao wa chakula, rafiki anayechelewa mechi. Mgao wenu ukichelewa na unga ukaisha nyumbani, hapo andika "We have run out of flour", na hutalisahau. Isome kwa sauti. Up na off zisikike wazi, kwa sababu watu wetu wengi huzimeza, na msikilizaji hubaki na turn peke yake.

Kuhusu kile kitabu, usikitupe. Kiweke karibu kama kamusi, ukifungue siku unapokutana na kitenzi kwenye gazeti au kwenye simu, usome mstari huo mmoja, ukifunge.